Habari yenu ya zafarani imemponza dada yangu

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikilinunua gazeti lako tangu nikifundisha kemia kidato cha tatu, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa niliona wanaoandika ni wengi kuliko wanaosoma. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Bila shaka unaikumbuka ile habari ya ukurasa wa afya iliyosema kwamba wanasayansi wamethibitisha zafarani inatibu sonona, ikapambwa kwa picha ya ua la zambarau lililotanda nusu ya ukurasa. Picha ilikuwa nzuri.

Sikatai kwamba utafiti upo. Laiti mwandishi wako angeusoma, angekuta habari nzuri kuliko aliyoiandika. Mwaka 2004 watafiti wa Tehran walichapisha jaribio la wagonjwa 30 wenye sonona isiyo kali. Baadhi walipewa miligramu 30 za zafarani kwa siku na wengine miligramu 100 za imipramini, dawa ya hospitali ya sonona, kwa wiki sita, na mwishoni makundi mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Mwaka uliofuata ikawa wagonjwa 40, zafarani ile ile dhidi ya miligramu 20 za fluoksetini, nayo ni dawa ya sonona, na matokeo yakawa karibu sawa. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini wagonjwa 30 wakigawanywa ni 15 kila upande, na kwa idadi hiyo kutoiona tofauti hakumaanishi kwamba tofauti haipo. Watafiti wenyewe walitaka majaribio makubwa zaidi yafuate. Neno "kuthibitisha" limezaliwa katika chumba chenu cha habari. Tena vidonge vile vilikuwa na dondoo iliyopimwa na kukaushwa, si nyuzi za ua za kutupia kwenye chai kwa kukadiria. Kipimo hicho hamkukitaja popote, ingawa nafasi ya picha ilipatikana.

Sasa nikueleze kilichotokea nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa alifiwa na mumewe mwaka juzi, na huzuni ilipomzidi hata akawa hali wala halali, tulimpeleka kliniki akaandikiwa vidonge. Vilichukua wiki kadhaa, lakini vilimrudisha: akaanza kuchambua mchele barazani, akaanza hata kunigombeza, jambo ambalo kwetu ni dalili ya afya. Kisha akasoma gazeti lako. Alilikata lile pande la ukurasa, akalibandika mlangoni mwa kabati la vyombo, akaacha vidonge siku hiyo hiyo pasipo kumwambia mtu, na akanunua sokoni kikebe kilichojaa pomoni kwa shilingi 5,000. Wiki ya tatu mwanawe alinipigia simu kwamba mama hatoki chumbani na analalamika kizunguzungu. Nilipofika nilikikuta kikebe kando ya kitanda. Nilikwenda jikoni, nikachemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo, nikadondosha nyuzi tano katika glasi safi. Kabla sijakiweka kijiko mezani maji yalikuwa mekundu kama juisi ya choya, na nyuzi zenyewe zimebaki nyeupe-nyeupe mfano wa ndevu za mahindi, nami sitashangaa kama ndizo zilizokuwa. Zafarani ya kweli haina haraka hiyo. Rangi yake ni krosini, inayeyuka majini polepole, maji yanageuka manjano ya dhahabu baada ya dakika kadhaa, na uzi unabaki mwekundu. Harufu yake hutokana na safranali, ambayo hujitengeneza nyuzi zinapokaushwa. Kile kikebe hakikunuka chochote isipokuwa bati. Mwandishi wako angeuliza bei tu angeshtuka: kila ua lina nyuzi tatu, huchumwa kwa mkono, na gramu moja iliyokauka huhitaji maua kama 150. Hata kule Khorasan, Iran, nchi inayotoa sehemu kubwa kabisa ya zafarani ya dunia, hakuna atakayekujazia kikebe kwa shilingi 5,000. Kwa hiyo dada yangu alikuwa ameacha dawa iliyomfaa, akanywa rangi ya nguo, au rangi ya sijui nini, kwa imani ya gazeti.

Na huenda ni heri kwamba ilikuwa bandia, maana pale mliposema "tumia kwa wingi" hamkumwonya mtu yeyote. Miligramu 30 za nyuzi kavu ni mavuno ya maua yapatayo matano. Gramu kadhaa kwa mkupuo huweza kumdhuru mtu, na mjamzito huonywa kabisa asiguse dozi kubwa.

Madhali nimeshika kalamu, niseme na hili la wauzaji. Hapa Tanga kartamu, ambayo ni ua jingine kabisa, inauzwa kwa jina la zafarani mchana kweupe, na unga wa manjano uliotiwa rangi nao unaitwa zafarani. Mwaliko wa harusi unakuahidi biriani ya zafarani, nawe unarudi nyumbani na vidole vya rangi ya machungwa visivyotakata kwa sabuni. Hata kombe, ambalo wazee wetu waliliandika kwa zafarani na marashi juu ya sahani nyeupe kisha mgonjwa akanywa maji yake, nimeona linaandikwa kwa rangi ya keki kutoka dukani. Sibishani na mwenye imani yake. Ninachouliza ni kwa nini mgonjwa anyweshwe rangi ya keki.

Wala mtu asinielewe kwamba nina ugomvi na mimea. Dawa ya mseto ninayomeza nikipata malaria chimbuko lake ni mmea wa artemisia, na Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa sababu alikitafuta kiambata chenyewe, akagundua kwamba joto kali linakiharibu, akakitoa kwa etha, kimiminika cha kuyeyushia, katika joto la chini, kisha kikapimwa. Hakuishia kusema kwamba jani ni zuri.

Napendekeza basi kwamba kila habari ya mmea unaotibu itoke na kisanduku chenye majibu manne, kwa herufi za ukubwa ule ule wa kichwa cha habari: ni sehemu gani ya mmea, ni miligramu ngapi, ni wagonjwa wangapi, na walilinganishwa na nini. Chini yake iongezwe kwamba msomaji asiache dawa zake bila kumwona aliyemwandikia. Mwandishi akishindwa kujibu, apewe maua 150 ayachambue hadi apate gramu moja, na asiruhusiwe kuandika mpaka amalize.

Dada amerejea kwenye vidonge vyake na juzi alikula ugali wote. Kile kipande cha gazeti nimekibandua mlangoni mwa kabati, ila kikebe bado ninacho. Mwandishi wako akipita Tanga aje akichukue; maji ya moto yatakuwepo.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tanga