Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Mikindani

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha kuchunguza viumbe vidogo vya baharini,

Shughuli za kawaida mnazijua: tumechota maji ghubani mara sita, tumefika Msimbati mara moja, na wanafunzi wa shule mbili wameonyeshwa planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini. Nisiwachoshe.

Nije kwenye lile lililosemwa mpaka barazani, tena mimi nikiwa sipo. Ni kweli nilikataa maji yetu yapelekwe nje yakasomwe jenomu, yaani vinasaba vyote, za bakteria wanaoishi ndani ya viumbe vya seli moja, na fedha tukanunulia hadubini. Kamati ilipiga kura, nne kwa mbili. Sikuamua peke yangu.

Sababu yangu ni hii: ukisaga ndoo ya maji ya bahari, mashine inakusomea vinasaba vya kila kitu: vya mwenyeji, vya bakteria aliyeliwa jana, vya aliyeganda kwa nje. Nani mpangaji na nani mpita njia? Tazameni yaliyowakuta wanasayansi wakubwa. Mwaka 1998 Jonathan Zehr wa Marekani alipata kipande cha vinasaba katika maji ya Pasifiki, cha bakteria anayegeuza nitrojeni ya hewa kuwa chakula. Mwaka 2010 jenomu yake ikasomwa yote, herufi milioni 1.4 hivi, ikaonekana hana hata vifaa vya kujitengenezea sukari. Basi analishwa na nani? Jenomu mkononi, mwenye nyumba hajulikani mpaka 2012! Na huko Japani, Kyoko Hagino alihangaika zaidi ya miaka kumi kumfuga huyo mwenye nyumba, mwani wa seli moja aitwaye Braarudosphaera bigelowii. Ndipo Aprili mwaka huu watafiti wakatangaza kwamba bakteria huyo amekwisha kuwa kiungo cha seli, wakakiita nitroplasti.

Vijana wetu wanasema siku hizi kompyuta inatenganisha vinasaba vya huyu na vya yule. Sawa, lakini ikae mbele yake nani? Na vibali vya kusafirisha sampuli afuatilie nani? Hadubini yenyewe niliifuata Dar es Salaam kwa basi, nauli yangu, nikaipakata njia nzima.

Fedha: tulianza na 620,000, ada 510,000, michango 200,000. Hadubini, wavu, chupa, spiriti na boti vimekula 1,230,000. Imebaki laki moja.

Ada ndiyo inayoniumiza. Wanachama 41, waliolipa 17. Korosho zimelipwa, ada hazijalipwa. Mkutano wa Agosti tulikuwa tisa. Kina mama wakulima wa mwani siwalaumu, ilikuwa bamvua na walikuwa shambani; kosa la tarehe ni la katibu. Wengine mlikuwa wapi? Na baadhi ya wanaodai jenomu kwa sauti kubwa hawamo kwenye daftari la mhazini.

Mwakani, Mungu akipenda, tutajaribu kutenga seli moja moja, na pengine chuo fulani kitatushika mkono. Hadubini iko kwangu kabatini. Anayeitaka aje na risiti ya ada.

Mwenyekiti