Mbinu za Land Rover hazifai kwenye IST

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari wa Dar es Salaam, hasa wanaovuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni. Mimi ni fundi umeme wa magari. Foleni ya pantoni ikirefuka watu huzima injini, redio na feni zinaendelea, na zamu ikifika betri haina moto. Honi zinaanza nyuma, na hapo kila aliye karibu anakuwa fundi.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni kuazima betri ya gari jingine. Wanaifunga, gari linawaka, halafu wanaichomoa injini ikiwa inanguruma na kurudishia ile iliyokufa. Ndugu zangu, betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Ukiitoa ghafla, umeme unaruka juu na unaweza kuunguza kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, au alteneta yenyewe. Gari la namna hiyo huletwa kwangu likivutwa kwa kamba, na mwenyewe haelewi kosa lake ni nini. Inaniuma, maana waliomsaidia walikuwa na nia njema kabisa.

Mambo haya tumeyarithi kwa madereva wa Land Rover za zamani. Zile ziliweza kuzungushwa kwa hendeli kutoka mbele, wala hazikuwa na kompyuta ya kuungua. Gari lenye klachi hata leo utalisukuma, gia namba mbili, uachie klachi, liwake. Lakini IST au Vitz ya otomatiki mtaisukuma mpaka mchoke: pampu ya gia boksi yake inazungushwa na injini, na injini imelala, kwa hiyo magurudumu hayawezi kuizungusha.

Msaada wa lori kubwa nao ukataeni kwa adabu. Mengi yanatumia volti 24, gari dogo ni 12.

Njia salama ni waya nene, kutoka gari la volti 12 kama lako. Anza na chanya kwa chanya. Waya wa hasi ufunge kwenye hasi ya betri ya gari linalosaidia, na ncha yake ya pili ishike chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri. Msiache hilo la mwisho: betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ikiruka juu yake inaweza kulipuka na kumwagia mtu asidi usoni. Na kabla ya yote tazama vichwa vya betri. Vikiwa na ukungu mweupe au wa kijani, huenda betri ni nzima ila umeme haupiti. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, sugua kwa brashi na maji ya moto, ukaushe.

Wanaosimamia foleni ya pantoni nawaomba waweke seti moja ya waya hizo pale getini, pamoja na kijana mmoja aliyefundishwa kuzifunga.

Fundi umeme wa magari,
Kigamboni, Dar es Salaam