Boti ndogo, nduaro mkubwa: jinsi tunavyovua Mkondo wa Pemba

Swali tunaloulizwa kwa simu kuliko jingine lolote ni hili: "Boti yenu ni ya futi 23 tu, kweli mtamweza nduaro?" Tunamweza. Wavuvi wa Pemba wanamvua kwa mshipi wa mkono wakiwa ndani ya ngalawa, na nduaro mwenyewe, yule samaki mkubwa wa mdomo mrefu anayeitwa marlin kwa Kiingereza, hapimi urefu wa chombo kabla ya kula chambo. Swali ambalo tungefurahi zaidi kuulizwa ni siku gani boti ya futi 23 haifai kuwa huko nje. Hapo ndipo wateja wengi hutukasirikia, na hapo ndipo wanapopata thamani ya pesa yao.

Tunatokea Shimoni, Kwale. Njia yetu hupita kati ya bara na kisiwa cha Wasini, kisha tunaviacha visiwa vya Mpunguti na hifadhi ya Kisite. Ndani ya Kisite hakuna kuvua, hata kwa mzaha, kwa hiyo msitubembeleze tutupe mshipi mmoja tu tukipita. Baada ya hapo chini panatitia. Kutoka mwamba unaouona kwa macho unafika penye kina cha mamia ya mita, na katikati ya Mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Pemba na bara, kina hukaribia mita 800. Pwani nyingi ungetumia nusu siku kukifuata kilindi kama hicho. Hapa unakifikia jua halijawa kali. Asubuhi ikiwa safi, milima ya Usambara inaonekana huko Tanzania, na nahodha huitumia kujua alipo hata kabla hajatazama GPS. Mpaka wa nchi nao uko majini humo humo, na hatuuvuki, hata ndege wa baharini wakionekana wanashukia samaki upande wa pili.

Sasa upepo. Mkondo wa bahari kwenye pwani yetu ya kusini huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi inavuma kuelekea huko huko, basi wimbi lake huwa refu: linakuinua, linakushusha, unaendelea. Kaskazi inaukabili mkondo uso kwa uso. Vikikutana, wimbi linakuwa fupi, limesimama wima, na la pili limeshafika hata hujamaliza kushuka la kwanza. Boti ya futi 40 italikata. Yetu italikata pia kwa muda, kisha itaanza kuwapiga abiria migongo na kuingiza maji.

Lakini usidhani kusi ndiyo nafuu. Kati ya Mei na Julai ina nguvu mno, tunaipandisha boti pwani, tunaikwangua na kuipaka rangi. Agosti inapolegea, jodari huanza kuonekana. Matlai, upepo wa Oktoba na Novemba kati ya kusi na kaskazi, huleta maji tulivu na sulisuli (sailfish) wa kwanza. Halafu kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi inashika, na hiyo ndiyo miezi ya nduaro, hasa yule wa milia. Yaani samaki watu wanaomsafiria kutoka Nairobi amechagua miezi ile ile ambayo mchana bahari yetu huwa mbaya.

Ndiyo maana tunang'oa nanga saa kumi na moja alfajiri na kurudi kabla ya saa nane mchana. Kaskazi kwa kawaida huamka na jua. Asubuhi inapuliza kidogo, alasiri inavuma kweli. Mteja akifika saa mbili kwa sababu kifungua kinywa cha hoteli kilichelewa, amejipunguzia zile saa nzuri, na hatuwezi kumrudishia mwisho wa siku. Kuna siku nahodha atageuza omo saa tano, ndege wakiwa bado wanashuka juu ya samaki. Akigeuza, amegeuza. Mimi mwenyewe, mwenye boti, nikiwemo ndani sina kauli.

Boti ina injini mbili, na kila moja ina tangi lake. Watu hufikiri injini mbili peke yake zinatosha. Zikinywa tangi moja na petroli ikawa na maji, zitazima zote mbili kwa pamoja, nawe uko kilindini na mkondo unakupeleka. Redio ya VHF inasikiliza chaneli 16 muda wote, na jaketi okozi huvaliwa, si kukaliwa. Tunachukua wageni watatu pamoja na nahodha na baharia mmoja. Wa nne tutamkataa hata akiwa mtoto mwembamba.

Uvuvi wenyewe ni wa kurambaza: boti inakwenda polepole na chambo kinafuata nyuma. Mwendo ni mafundo 5 hivi (kama kilomita 9 kwa saa) kwa chambo cha samaki, zaidi ya hapo kidogo kwa chambo cha plastiki. Baharia wetu huanza kazi usiku. Chuchunge, samaki mdogo tunayemtumia kama chambo, mmoja mmoja anapitishiwa ndoana na kushonwa mdomo kwa uzi, kwa sababu mdomo ukiachwa wazi maji humzungusha na hakuna samaki atakayedanganyika. Kisha hupangwa juu ya barafu bila kugusana. Ukimwona anamrudisha chuchunge baharini mara tatu na kumtazama anavyoogelea, usimharakishe.

Sulisuli akija, kwa kawaida utamwona. Kivuli cha hudhurungi nyuma ya chambo, ncha ya pezi juu ya maji, halafu anakipiga chambo kwa mdomo wake mrefu kabla ya kukimeza. Wageni huharibu hapo. Ukivuta rodi kwa pupa unamnyang'anya chakula. Ndoana zetu ni za duara na hazitaki kushtuliwa: unamwachia uzi aende, unafunga breki ya rili taratibu, na ndoana inateleza yenyewe mpaka pembeni mwa mdomo. Breki tayari tumeipima, kama theluthi ya nguvu za uzi, hivyo uzi wa ratili 80 huachia kwenye ratili 25 hivi. Tunaomba usiikaze kwa hasira nduaro anapokimbia. Ama uzi utakatika, ama wewe ndiye utakayevutwa.

Hatuna kiti cha kukalia unapopigana na samaki. Unasimama, umefungwa mkanda wenye kikombe cha kuchomekea tako la rodi. Boti kubwa humfuata samaki kinyumenyume. Sisi hatuthubutu, kwa kuwa tezi letu, yaani sehemu ya nyuma ya boti, liko chini kwa ajili ya injini na wimbi lingemiminika ndani. Badala yake tunageuka na kumfuata kwa mbele, na hapa, niseme ukweli, udogo wetu ni faida: tunageuka papo hapo, uzi unarudi kwenye rili haraka, na pambano hufupika. Kinachotupa wasiwasi ni picha. Nduaro akiruka, wageni wote hukimbilia upande mmoja na simu mkononi, boti inalala, na anayepigana anapoteza miguu. Kaa ulipo. Akiruka mara moja ataruka tena.

Kuhusu nani anachukua samaki, tuelewane kabla ya kulipa malipo ya awali. Nduaro na sulisuli tunawaachia. Hatumlaumu anayewala, Unguja nduaro ana wateja wake sokoni, lakini kwetu nduaro aliye hai ndiye anayewaleta wateja msimu ujao. Tunamchoma alama ndogo yenye namba mgongoni, kama wafanyavyo manahodha wengine wa pwani hii wanaoshirikiana na African Billfish Foundation, shirika la Watamu linalofuatilia samaki hawa, ili akivuliwa tena kwingine ijulikane alitoka wapi. Picha hupigwa akiwa majini ubavuni mwa boti. Baharia, mwenye glavu, humshika mdomo huku boti ikisogea taratibu ili maji yapite kwenye mashavu yake, mpaka rangi irudi na aanze kuvuta mwenyewe. Hatumpandishi botini. Samaki wa kilo 80 akirukaruka kati ya watu watano kwenye futi 23 ni hatari tupu.

Jodari, nguru na faluzi ni wa kula. Mtachukua mnachoweza kumaliza, na kinachobaki ni cha boti, huuzwa, nahodha na baharia wakapata chao. Ukiona jodari anachinjwa na kutolewa matumbo hapo hapo kabla ya pongezi, usione ni ukatili. Pambano humpasha joto mwili, na asipoingia kwenye barafu haraka nyama inaharibika. Huyo ndiye jodari anayemfanya mtu awashwe na kichwa kumgonga baada ya chakula. Ukisafiri naye hadi Nairobi, mweke kwenye boksi la barafu, si mfuko wa plastiki chini ya kiti cha basi.

Kuna siku hakuna anayekula chambo. Mafuta yamechomwa vile vile, na mafuta ndiyo gharama kubwa ya safari, basi hatuna ahadi ya samaki na hatupunguzi bei kwa kukosa. Lakini kama ni upepo, mambo ni mengine. Nahodha hutazama utabiri na bahari yenyewe jioni ya kuamkia safari, nasi tunakupigia simu kati ya saa moja na saa mbili usiku. Akisema hatutoki, unachagua siku nyingine au unarudishiwa pesa zote. Akigeuza njiani kabla ya saa tatu asubuhi, unalipa nusu.

Dawa ya kichefuchefu imezwe usiku huo na nyingine alfajiri. Ukisubiri hadi bahari ikulevye, utaitapika. Njoo na kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu na viatu visivyoteleza. Ndizi leta ukitaka, ila baharia wetu anaamini zinafukuza samaki na atakununia hadi mnarudi.