Risala ya wahudumu wa afya ya jamii kwa mgeni wa heshima, Busia

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, chifu na wazee wa vijiji, walimu, wamama na vijana mlioacha shamba asubuhi hii mkaja, hamjambo na karibuni sana.

Sisi ni wahudumu wa afya ya jamii, kila mtu ana nyumba zake za kutembelea, na mwaka wa 2023 serikali ilitupa mabegi ya kazi na simu, tunashukuru kwa hiyo maana sasa tunapima presha na sukari mlangoni kwa mtu. Lakini leo hatutaongea presha. Tumekuja na maneno ya sumu iliyoota hapa kwetu nyumbani.

Mheshimiwa, ulipokata kona kutoka barabarani umepita mmea mrefu, majani kama mkono umetanua vidole, shina jekundu. Huo ni mbarika. Mbegu yake ina madoadoa, ukiishika ni kama kupe ameshiba damu, na watoto wanaipenda sana, wanapikia kalongolongo, ule mchezo wao wa kupikapika. Ndani kuna sumu inaitwa risini, ile ile inayosemwa ilimuua mwandishi Georgi Markov kule London 1978. Haina dawa ya kuivunja mpaka leo. Mtoto akitafuna, masaa yanapita anacheza tu, halafu ndio anaanza kutapika na kuharisha, saa nyingine damu, mwili unakauka, na hapo ndipo hospitali inaweza kumsaidia, kama amefika mapema akawekewa maji.

Halafu kuna datura, ile ya maua meupe kama tarumbeta na tunda la miiba, inaota katikati ya mahindi na maharagwe. Hii mimi mwenyewe nimeiona ikifanya kazi. Kijana wa miaka saba, jioni akaanza kuongea na watu hawako, mdomo mkavu, ngozi inawaka, ile nyeusi ya jicho imepanuka mpaka rangi nyingine haionekani. Familia wakasema ni mapepo, wakaomba usiku kucha. Asubuhi tukampeleka dispensari moja na hakuna aliyeuliza amekula nini, ni dadake mdogo ndiye alitoa lile tunda la miiba mfukoni mwa sweta. Alipona, Mungu asifiwe, lakini nikiwaza usiku ule nalia bado.

Na si watoto tu. Majirani zetu wa Uganda, kule Karamoja, mwaka wa 2019 walipewa unga wa msaada ukiwa umeingia sumu ya aina hii ya datura, watu karibu 300 wakaugua na watano wakafa. Ni unga, si mtu aliyeenda kuchuma majani porini! Kwa hivyo tunawaambia wamama, chambua maharagwe na mtama kabla ya kupeleka posho mil, mbegu ndogo nyeusi usiyoijua itoe.

Muhogo mnaujua nyinyi kuliko mimi. Ule mchungu una sumu inaitwa sayanaidi, wazee wetu walikuwa wanaumenya, wanaufunika siku kadhaa mpaka uchachuke, ndio wanaanika. Shida inakuja njaa ikibana, mtu anakata siku ili watoto wale leo, hatuwezi kumlaumu, lakini tunamwambia hizo siku ndizo dawa.

Sasa tunachofundisha ni kimoja: mgonjwa akienda hospitali, jani au mbegu au tapishi liende naye kwa karatasi. Usimlazimishe kutapika, usimpe maji ya chumvi, maziwa hayaui hiyo sumu. Panda boda boda twende.

Mheshimiwa, tunakuomba dispensari yetu ipate makaa ya dawa, yale ya unga ya kunyonya sumu tumboni, si ya jiko, na maji ya drip yasiishe katikati ya mwezi. Tunaomba daktari mmoja wa sumu aje siku mbili atufundishe sisi na walimu. Tunaomba pia namba moja ya simu ya kupiga usiku, na mtu wa kushika.

Pale kwa meza tumeweka mimea yote ndani ya chupa za kioo, tumefunga vifuniko. Tunaomba ukimaliza kuongea uje uiangalie, na watoto waje nyuma yako wakiona.

Ahsante sana.