Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Ndugu wanachama,

Chama chetu kina kada nyingi: madaktari, matabibu, wauguzi na wakunga, wafamasia, wataalamu wa maabara, wa viungo na wa usingizi. Kila kada ina leseni yake, na tuseme ukweli, kinyongo chake. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nawakumbusha tu wenye madeni ya ada.

Mwaka huu vikao vyetu vilitawaliwa na suala la sampuli. Wenzetu wa maabara walilalamika kwamba damu inafika imeganda, fomu haina hata ugonjwa unaoshukiwa, halafu simu zinaanza kupigwa: majibu yako wapi? Wauguzi wakajibu kwamba aliye peke yake na wodi nzima usiku hana wa kumtuma. Kikao kilichemka, nami nikakiacha kichemke. Mwishowe tukakubaliana mambo mawili. Mtu wa maabara atakwenda wodini kuonyesha namna ya kuipindua taratibu chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda mara tu inapojazwa. Na fomu yenye upungufu itarudi kwa daktari aliyeiandika, asisumbuliwe muuguzi. Hili la pili madaktari walilikubali kwa shingo upande. Mimi ni daktari, na naliunga mkono.

Thieta, yaani chumba cha upasuaji, bado inanikera. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19, na si mambo ya Ulaya tu: kati ya hospitali nane zilizoijaribu mwaka 2007 na 2008, moja ilikuwa Ifakara, hapa hapa Tanzania. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hata hivyo wanachama wanasimulia alama za vema zinazowekwa kwenye orodha mgonjwa akiwa ameshatolewa chumbani. Kinachorukwa kirahisi ni kila mtu kutaja jina na kazi yake kabla ya kisu. Wapo wanaokiita mchezo wa chekechea. Lakini muuguzi aliyekwisha kusikika mara moja, hata kwa kutaja jina lake tu, hapati kigugumizi baadaye akilazimika kusema, "Daktari, usifunge jeraha, swabu moja ya kufyonza damu haijaonekana." Bingwa anayekasirika kuambiwa hivyo ajiulize angependa nani anyamaze siku akilazwa yeye.

Wafamasia wameomba waingie kwenye raundi za wodini, wasisubiri cheti cha dawa dirishani. Sina pingamizi. Dozi ni rahisi kurekebisha mgonjwa akiwa kitandani kuliko dawa ikiwa imeshatolewa.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mijadala kuhusu wagonjwa itakayowakutanisha wanafunzi wa kada mbalimbali. Pale hospitali ya KCMC wanafunzi wa udaktari, uuguzi na fiziotherapia wanapishana kwenye korido zilezile. Itakuwa ajabu wakianza kufahamiana wakiwa kazini, tena kwa kugombana. Naomba mjadala uongozwe kwa zamu, leo mkunga, kesho tabibu, daktari asiwe mwenyekiti wa kudumu kwa sababu tu ni daktari.

Kanuni hiyohiyo naomba iingizwe kwenye katiba yetu, kiti hiki kizunguke kati ya kada. Katibu atagawa karatasi za kura baada ya chai.