Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: safari hii tushikie shilingi

Mheshimiwa Mbunge, shikamoo. Najua kikao cha bajeti kinakaribia na una mambo mengi, kwahiyo sitakuzungusha: nataka ushike shilingi ya mshahara wa waziri, yaani uzuie bajeti yake isipite mpaka ajibu kuhusu zahanati yetu. Ila nimekasirika, na nikikasirika huwa naandika marefu.

Wiki iliyopita ukuta wa nyuma wa boma letu la zahanati, jengo ambalo halijaezekwa, umedondoka. Mvua ya usiku mmoja tu. Boma lenyewe unalijua, ulipiga nalo picha. Ni lile tulilolifikisha usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kwa nguvu zetu wenyewe, kila kaya ilitoa elfu kumi, kina mama wakabeba maji kutoka bondeni, mimi nikiwa kwenye kamati ya ujenzi nilitoa na saruji kwenye hela yangu ya korosho. Tuliambiwa nyie pandisheni mpaka lenta, serikali itakuja kumalizia. Tukapandisha. Serikali iko njiani mpaka leo, sijui imepitia wapi. Tofali za juu ukizigusa unabaki na unga mkononi, na ndani kumeota mpapai ambao umeshazaa, nadhani huo ndio mradi pekee uliokamilika pale.

Watu wanasema ni uzembe wa halmashauri. Mimi sikubali sana. Diwani wetu kasema mpaka kachoka. Ombi lilianzia mkutano wa kijiji, likaenda kata, likapita baraza la madiwani, likaingia kwenye bajeti ya halmashauri, halafu ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha mwisho tunachoruhusiwa kupanga, ukashuka kutoka juu na boma letu likakatwa. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Kila tukiuliza tunajibiwa "iko kwenye mpango". Huo mpango ungekuwa mtoto angeshaanza shule.

Na halmashauri yenyewe imebaki na nini? Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, 2016, siku hizi inakatwa kwenye luku ukinunua umeme. Ushuru wa mazao ya biashara 2017 ukashushwa kutoka asilimia 5 mpaka 3, sawa, mkulima kapumua na mimi ni mkulima nilifurahi, ila hakuna aliyesema pengo litazibwa na nani. Barabara zikaenda kwa wakala wa serikali kuu, TARURA, maji yakaenda kwa wakala mwingine, RUWASA. Huku kwetu ni korosho tu, msimu ukiwa mbaya na halmashauri inalala njaa. Hela ziko Dodoma, na kutoka huku anayefika Dodoma akaruhusiwa kuongea ni wewe peke yako. ALAT, jumuiya ya halmashauri zote, wanakutana, wanatoa maazimio, sawa, lakini ALAT hawapigi kura ya bajeti. Wewe unapiga.

Tena kwa mujibu wa sheria wewe ni mjumbe wa baraza la madiwani. Kiti chako kipo pale ukumbini, kinapata vumbi. Lile baraza la kupitisha bajeti hukuja, tukaambiwa uko kwenye majukumu ya kitaifa. Sasa huko Bungeni unatusemea nini kama hujasikia tulichoomba? Mimi nafuatilia kwenye simu. Nimekusikia unampongeza waziri, ukampongeza naibu, ukawapongeza na watendaji wote, kengele ikalia ukasema naunga mkono hoja. Boma hakuna.

Mimi nahisi wanaopewa ni wanaosumbua. Jimbo jirani wamepata hela za kumalizia maboma yao, milioni 50 kila moja, na hawatuzidi shida. Labda kuna sababu nyingine, labda kuna mtu anamjua mtu, mambo ya huko ndani siyajui, ila mbunge wao ana mdomo. Mbona 2018 wabunge wa kusini waliwaka Bungeni kuhusu ushuru wa kusafirisha korosho nje, pale ile asilimia 65 iliyokuwa inarudi kwenye zao ilipochukuliwa yote ikaenda Mfuko Mkuu wa serikali? Walishindwa, ndiyo. Lakini kijijini kila mtu alijua tumesemewa.

Mke wa mwanangu mwezi wa kwanza alijifungulia njiani, bodaboda imesimamishwa pembeni, chini ya mkorosho wa watu, kanga ya mke wangu ndiyo ikawa pazia. Mtoto mzima, namshukuru Mungu, ila mama alivuja damu sana akalazwa, bodaboda elfu ishirini kwenda elfu ishirini kurudi, hela ya palizi ikaishia hapo na shamba sasa hivi ni majani matupu. Na tangu 2007 tunaambiwa zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata.

Kwenye kampeni ulisema mwenyewe, tena kwa kipaza sauti, "hili boma niachieni mimi". Tukakuachia. Ukaahidi na bati za mfuko wa jimbo. Hizo bati leo sikudai maana hata zikija zitakaa juu ya ukuta gani. Ukitaka kujua nani alichangia nini daftari ninalo, nitakuletea popote utakaposema, hata Dodoma, nauli nitakopa.

Ninachoomba ni kimoja. Bajeti ya TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, ikisomwa, Bunge likikaa kama kamati ya matumizi, wakifika kwenye mshahara wa waziri simama ushike shilingi. Usiachie mpaka aseme maboma yaliyofika lenta yanamaliziwa lini na kwa fungu lipi. Najua chama kitanuna, najua kuna watakaokukonyeza ukae. Usikae. Hatuombi lami, hatuombi uwanja wa ndege, na ukuta tutaujenga tena wenyewe kama tulivyojenga mwanzo. Wewe shika shilingi mheshimiwa, hata kama utairudisha baada ya dakika kumi.

Ni mimi mpiga kura wako,
Mjumbe wa kamati ya ujenzi wa zahanati