Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2022: Kabla ya Kisima, Tuangalie Mita na Paa

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa mtaa, wazee wetu, akina mama, vijana na wapangaji mliojiunga nasi mwaka huu: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo. Nawashukuru kwa kufika, na nawashukuru zaidi waliokuja na viti vyao.

Ulinzi shirikishi unaendelea na vijana wanalipwa. Gari la taka linapita, ingawa siku zake bado ni za kubahatisha. Michango ya misiba ilitoka kwa wakati. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Zaidi ya hapo naomba muda wenu uende kwenye maji, maana hakuna jambo jingine lililotugonganisha mlangoni kwa jirani kama hilo.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Masika yalikuwa hafifu, mvua za vuli zikachelewa, na Mto Ruvu, unaolisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ukapungua. Mwishoni mwa Oktoba ukatangazwa mgao wa jiji zima la Dar es Salaam. Tuliambiwa uzalishaji umeshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300, wakati mahitaji ya jiji yanazidi milioni 500. Hapa mtaani maana yake ilikuwa dumu kupanda bei, maboza kuingia usiku, na watu kuamka saa tisa alfajiri kusikiliza kama bomba linakohoa.

Mwezi Novemba ulisainiwa mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, la kuhifadhi maji ya Mto Ruvu, la ujazo wa lita bilioni 190. Ni habari njema na tumeisubiri miaka mingi. Lakini bwawa halijengwi kwa msimu mmoja, na kiangazi kingine kitatukuta hapahapa.

Kwa hiyo kamati ililetewa hoja ya kuchimba kisima cha umoja. Wengi mnaitaka, najua. Tuliijadili vikao kadhaa na tumeamua kutoipendekeza kwa sasa. Sababu ni chumvi. Ukanda huu wetu wa pwani, visima vikivutwa sana, maji ya bahari husogea chini kwa chini kuziba pengo, na kisima kilichoanza na maji baridi huishia kuwa cha kudekia tu. Wapo miongoni mwetu wenye visima vya namna hiyo, waulizeni chai yao ina ladha gani. Kukusanya michango ya kaya zote kisha tuchimbe bila kupima kwanza, mimi siwezi kuitia saini.

Badala yake kamati ilizunguka nyumba kwa nyumba na fundi bomba, kwa wale waliokubali kutufungulia geti. Zoezi ni jepesi. Unafunga bomba zote za ndani na nje, unahakikisha matangi yamejaa, unaitazama mita. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanakwenda mahali. Tuliyapata chini ya sakafu za nje na kwenye maungio ya bomba lililokanyagwa na gari. Tuliyapata zaidi juu kabisa, kwenye boya la tangi lililolegea, ambalo huachia maji usiku kucha wakati presha iko juu na wenye nyumba wamelala. Ukutani utaona alama ya kijani ya ukungu. Hiyo alama ni ankara.

Choo cha kuflashi nacho kina siri yake. Tia rangi ya keki kwenye tangi lake, usiflashi kwa nusu saa, kisha angalia bakuli. Rangi ikionekana, kipira cha ndani kimechoka. Kinauzwa duka lolote la vifaa na hakihitaji fundi mwenye vyeti.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenye nyumba hawatalipenda. Kila ankara ikipanda, lawama humwangukia dada wa kazi au mpangaji wa chumba cha nyuma, kwamba anafungulia maji ovyo. Tulikotembelea, mara nyingi aliyekuwa akimwaga maji ni bomba la mwenye nyumba mwenyewe. Na pale ankara inapogawanywa kwa vyumba, mama anayefulia watoto watano analipa sawa na kijana anayerudi kulala tu, basi hakuna mwenye sababu ya kubana. Mita ndogo kwa kila mpangaji ingemaliza nusu ya ugomvi unaoletwa kwangu Jumapili.

Sasa paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba yenye paa linalofunika mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya asubuhi moja tu ya masika, inaangusha lita 2,000. Toa zinazoruka pembeni na zinazopotea kwenye gata, unabaki na kama 1,600, yaani madumu 80 ya lita 20. Mvua ya Dar es Salaam kwa mwaka ni takriban milimita 1,100. Tunaiacha ishuke ukutani, ichimbe msingi, iingie kwa jirani wa bondeni, halafu tunalaumiana kuhusu mtaro.

Mzee mmoja alitukatiza kikaoni akauliza: vuli isiponyesha, hilo paa litaleta nini? Ni swali la haki. Halitaleta kitu. Tangi la lita 2,000 halitakuvusha kiangazi. Lakini tangi lilelile hupokea maji ya mgao siku ya zamu yako, na maji ya mvua yakifua, yakideki na yakiflashi choo miezi ya masika, ankara ya miezi hiyo inakuachia pesa ya boza baadaye. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi msiikinge, ina vumbi na kinyesi cha ndege. Na ya kunywa yachemsheni hata kama yanang'aa.

Jambo moja halina mjadala: vifuniko. Dengue ilitusumbua jijini mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotulia nyumbani, si mtaroni peke yake. Kila pipa lifunikwe au livishwe chandarua. Wenzetu wa Lamu zamani waliweka samaki wadogo ndani ya birika za nyumbani wale viluwiluwi. Sidhani kama samaki huyo ataishi ndani ya tangi letu jeusi juani, basi tubaki na vifuniko.

Kuhusu bustani, nitasema waziwazi kuwa adui ni ukoka. Ukoka wa mita 100 za mraba, siku ya jua kali la Januari, unaweza kupoteza lita 500 hewani, na mwenye nacho anazirudisha kwa mpira saa sita mchana. Hizo ni madumu 25. Mwagilieni alfajiri au jioni, na kwa kopo. Mchicha na bamia zikiwekewa matandazo ya majani makavu au maranda, udongo unakaa na unyevu muda mrefu kuliko ulioachwa wazi. Maji ya kusuuzia nguo yapelekeni kwenye migomba na mipapai, ila yasiwe na dawa ya kung'arisha, na yasimwagwe kwenye mboga za majani. Maji ya kuoshea mchele hayana kosa popote. Akina mama wa ile safu ya nyuma wamelima matembele kwenye magunia kwa maji hayo tu, na walipopitia mgao matembele yao yalikuwa mabichi kuliko bustani za mageti makubwa. Wametukubalia kufundisha wengine, bila posho.

Kamati inaomba kura zenu kwa mambo mawili. Kwanza, sehemu ya fedha zilizotengwa kwa kisima iwe mfuko wa kukopeshana gata na matangi, mrejesho kidogokidogo kila mwezi, wajane na wazee wakianza. Pili, fundi bomba alipwe na umoja kukagua mita za kaya zote kabla masika hayajaanza Machi. Hoja ya kisima itarudi mezani mtaalamu akishapima chumvi, na gharama ya kupima imo kwenye makadirio atakayosoma mweka hazina sasa hivi. Karatasi za kura ziko kwa katibu. Kaya moja, kura moja, mpangaji akiwamo.